Pambano la Kampala Lisilopiganwa

Mara nyingi historia huandikwa kwa mambo yaliyotukia. Insha hii yahusu jambo ambalo halikutukia. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ilitangazwa huko Japani ya kwamba Idi Amin Dada, Rais wa Uganda, angepanda ulingoni mjini Kampala mwezi wa Juni kupigana na Antonio Inoki, mwana mieleka mashuhuri wa Japani, na ya kwamba mwamuzi wa pambano hilo angekuwa Muhammad Ali, bingwa wa ndondi wa dunia. Wako waliocheka walipoisikia habari hiyo, wako waliosadiki, na wako waliokuwa wakizika wafu wao wa vita wakati ule ule, wasiwe na nafasi ya kucheka wala ya kusadiki. Juni ilipofika, ulingo haukujengwa, na yule aliyeahidi kuupanda hakuwa tena na nchi ya kuujenga ndani yake.

Naichagua habari hii kwa sababu yajibu, kwa njia ya kando, swali ambalo nalisikia mara kwa mara hapa Nyaramba. Vijana waliokwisha kuchuma majani ya chai, wakiingoja mizani, huizunguka simu moja na kutazama watu wakipigana katika nchi za mbali. Hapo ubishi huanza. Bondia hodari akikutana na mtu aliyefundishwa kupigana kwa ngumi, mateke, magoti, mieleka na kabari, nani atamshinda mwenziwe? Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu hutolewa kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia. Kisha wanafunzi huniletea swali lile lile darasani, kana kwamba mwalimu wa historia alipewa firimbi ya refa siku alipohitimu chuoni.

Tuanze na asili ya michezo yenyewe. Ndondi ni mchezo wa kujinyima. Bondia ana miguu lakini haruhusiwi kupiga teke. Ana viwiko lakini haruhusiwi kuvitumia. Mwenziwe akianguka, yampasa arudi nyuma na kungoja, hata kama hasira yamwambia amalize. Kanuni hizo za glavu, za raundi ya dakika tatu, na za kumhesabia aliyeanguka hadi kumi, zilitangazwa Uingereza mwaka 1867 kwa jina la Bwana wa Queensberry, na kutoka huko zilienea duniani pamoja na majeshi, meli na shule. Mapigano mseto yana asili nyingine. Humo mtu huruhusiwa kuchanganya ndondi, mateke, mieleka ya kumwangusha mwenziwe, na ufundi wa kumkaba au kumpinda kiungo akiwa chini hata akubali kushindwa. Mchezo huo nao una makatazo yake, kwa maana kuuma na kuchokoa macho havikubaliwi. Lakini mlango wake ni mpana zaidi.

Mwaka 1993, mwezi wa Novemba, mjini Denver katika Marekani, yalifanywa mashindano yaliyokusudiwa kulijibu swali letu kwa vitendo. Watu wa mapigano ya namna mbalimbali waliwekwa katika uzio mmoja. Bondia mmoja, Art Jimmerson, aliingia akiwa amevaa glavu moja tu, katika mkono wa kushoto, na mkono wa pili mtupu. Mpinzani wake alikuwa Royce Gracie, kijana mwembamba wa Brazili aliyejua ufundi wa kukaba. Gracie alimwangusha na kumkalia juu, na bondia, ambaye hakupata nafasi ya kuitumia ile glavu yake wala mkono wake mtupu, alikubali kushindwa. Usiku ule ule Gracie aliwashinda wengine wawili na kutwaa ushindi wote.

Wanafunzi wakiisikia habari ya Jimmerson husema mara moja kwamba basi neno limekwisha, bondia hafui dafu. Wangoje kidogo. Mwaka 2010 huko Boston James Toney, bondia aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, aliingia katika uzio wa mapigano mseto kupigana na Randy Couture; aliangushwa mara moja na kukabwa katika raundi ya kwanza. Lakini mwaka 2017 huko Las Vegas Conor McGregor wa Ayalandi, bingwa wa mapigano mseto, alipanda ulingo wa ndondi kupigana na Floyd Mayweather, naye alichoka, akapigwa, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya kumi. Hodari wa uzio alikuwa mgeni ulingoni, na hodari wa ulingo alikuwa mgeni katika uzio. Mtu aliyekaribia kuuvunja mpaka huo ni Francis Ngannou wa Kameruni, ambaye utotoni alifanya kazi katika machimbo ya mchanga huko Batié. Mwezi wa Oktoba 2023, mjini Riyadh, katika pambano lake la kwanza kabisa la ndondi, alimwangusha Tyson Fury, bingwa wa uzito wa juu, katika raundi ya tatu. Fury aliinuka akashinda kwa alama, na waamuzi watatu hawakukubaliana wote. Miezi mitano baadaye Ngannou alikutana na Anthony Joshua, akaangushwa mara kadhaa na kuzimwa katika raundi ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani ana nguvu, muulize mwenzako ni sheria ya nani itakayotumika. Mapambano ya namna hii hupiganwa mara mbili: kwanza mezani, na watu waliovaa suti, kisha ulingoni. Lile la mezani halitazamwi na mtu, nalo ndilo huamua zaidi.

Hayo yalijulikana zamani kabla ya Denver. Mwaka 1963, huko Salt Lake City, mwana judo aliyeitwa Gene LeBell alimkaba bondia Milo Savage katika raundi ya nne hata akapoteza fahamu. Na huyo LeBell ndiye aliyechaguliwa kuwa mwamuzi tarehe 26 Juni 1976, siku ambayo Muhammad Ali alikutana na Antonio Inoki mjini Tokyo katika jumba la Budokan.

Yafaa kumjua Inoki. Alizaliwa Japani mwaka 1943, akahamia Brazili na jamaa zake angali kijana, akafanya kazi katika mashamba ya kahawa, na huko ndiko alikookotwa na bwana mkubwa wa mieleka ya Kijapani, Rikidozan, mwaka 1960. Mieleka aliyoicheza ilikuwa ya maonyesho, ambayo mshindi wake hujulikana kabla ya mchezo. Lakini Inoki alitamani sana watu waamini ya kwamba ufundi wake ni wa kweli, na hapakuwa na njia fupi ya kuwaaminisha kuliko kumkabili mtu mashuhuri kuliko wote duniani. Ali, kwa upande wake, aliahidiwa mamilioni ya dola.

Kabla ya siku yenyewe palikuwa na mabishano marefu juu ya sheria. Inoki na watu wake walisema baadaye kwamba alinyimwa karibu kila silaha aliyokuwa nayo. Kengele ilipolia, Inoki alikimbia, akajitupa chini chali, na kuanza kumpiga Ali mateke ya miguu. Akaendelea hivyo kwa raundi kumi na tano. Ali alimzunguka, akamtukana, akamwita asimame. Hakuweza kumpiga mtu aliyelala, na ngumi alizozitupa usiku mzima zahesabika kwa vidole vya mikono. Mateke ya Inoki yalipita mia moja. Watazamaji walikasirika wakatupa takataka ulingoni, na waamuzi wakatoa sare. Watu wengi waliliita pambano la aibu. Mimi silioni hivyo. Sheria zilipoifunga milango yote, Inoki aliupata mlango mmoja uliosahauliwa wazi, akapita humo kwa saa nzima. Na Ali, pamoja na sifa zake zote, alirudi akiwa na miguu iliyovimba na damu iliyoganda mishipani, akatiwa hospitali. Hakuna aliyemhurumia kwa kuwa yeye ni Ali.

Sasa turudi kwetu, Afrika Mashariki, tumtazame yule aliyetaka kuwa bondia wa tatu katika hadithi hii. Ndondi ziliingia nchi zetu kwa mkono wa jeshi, polisi na shule za misheni. Katika King's African Rifles askari walipiganishwa ndondi kwa ajili ya mazoezi na kwa ajili ya kuwafurahisha maofisa, na kijana mrefu aliyeingia jeshini mwaka 1946, Idi Amin, alionekana upesi. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa Uganda katika uzito wa pili kutoka juu. Tusimnyime haki yake: miaka tisa si michache, na wakati huo hakuwa rais. Alikuwa askari kati ya askari, na refa aliweza kumhesabia kama mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa Januari 1971 aliipindua serikali ya Milton Obote. Miaka yake ya utawala, ajabu ya mambo, ilikuwa pia miaka ya mabondia hodari wa Uganda. Leo Rwabwogo alipata fedha katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, michezo ile ile ambamo Philip Waruinge wa kwetu Kenya naye alipata fedha. Ayub Kalule alipata dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwaka 1974, na mwaka ule ule, huko Havana, akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa. Amin alipenda kuonekana karibu na mabondia, na yeye mwenyewe alipenda kupigwa picha akiwa amevaa glavu. Nawaomba wanafunzi walishike jina la Kalule, kwa maana tutakutana naye tena.

Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuiteka nchi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera. Vijiji viliporwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja likavunjwa. Mwalimu Julius Nyerere aliwatangazia wananchi wake kwamba vita vitapiganwa. Katika siku hizo hizo Amin alitoa shauri lake: yeye na Nyerere wapande ulingoni wapigane ngumi, ili askari wasipoteze maisha yao. Muhammad Ali awe mwamuzi. Na kwa kuwa Nyerere alikuwa mtu mdogo wa mwili, Amin alisema yeye angefungwa mkono mmoja nyuma na kutiwa uzito miguuni.

Watu walicheka, na hata leo wako wanaocheka. Lakini tulitazame shauri hilo kwa jicho la mtu wa Kagera. Mtu amekwisha kuingia nyumbani mwako, amekwisha kuua na kupora, kisha akuambia kwamba ugomvi ukatwe kwa mchezo ambao yeye alikuwa bingwa wake na wewe ni mwalimu wa shule. Ule mkono aliojitolea kuufunga haukumgharimu kitu. Nyerere hakujibu kwa glavu.

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea tangazo la Japani. Mjapani mmoja mwenye kazi ya kuandaa maonyesho makubwa alipata wazo la kumkutanisha Inoki na Amin, na Amin akakubali. Tazama jinsi lilivyo: nchi i vitani, majeshi ya Tanzania yamekwisha kuingia Uganda na kuichukua Mutukula mwezi wa Januari, na mkuu wa nchi afanya mipango ya mieleka.

Nani angeshinda? Vijana wa kwenye mizani watauliza, basi tuwajibu. Amin alikuwa amepita miaka hamsini na mwili ulikuwa umenenepa; Inoki alikuwa na miaka thelathini na sita na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaangusha watu. Katika sheria zozote za haki, yule mwenyeji angelazwa sakafuni mapema. Lakini swali letu la mezani laja tena, nalo safari hii ni zito: katika Kampala ya mwaka 1979, sheria ingekuwa ya nani?

Mwezi wa Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa na askari katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana, akachukuliwa na kuuawa. Kosa lake lilikuwa kufanya kazi ya mwamuzi. Mwezi wa Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyepinga mauaji. Maelfu kwa maelfu ya watu wasio na vyeo waliuawa pasipo majina yao kuchapwa. Sasa mweke mtu katikati ya ulingo wa nchi hiyo, umwambie ahesabu hadi kumi juu ya Rais aliyelala chini, huku askari wenye bunduki wamezunguka kamba. Huenda Ali, mgeni mwenye jina kubwa, angeweza kuhesabu. Waamuzi wa pembeni wangeandika nini katika karatasi zao? Na Inoki, ambaye mieleka yake ilikuwa na desturi ya mshindi kupangwa mapema, angeambiwa nini chumbani kabla ya kengele?

Ndiyo maana nasema pambano hilo lisingekuwa pambano hata kama lingefanyika. Ali alipoingia ulingo wa Tokyo alikubali kwamba yaweza kumpata aibu, na ilimpata. Kukubali huko ndiko kunakoitofautisha ndondi na kipigo. Amin wa mwaka 1955 alikuwa nako. Amin wa mwaka 1979 alikuwa amekwisha kuhakikisha kwamba hakuna mtu katika nchi yake awezaye kumhesabia.

Kulikuwa na watu waliokuwa wakimhesabia kutoka nje. Masaka iliangukia mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuwa upande wao mwishoni mwa Februari. Entebbe ilifuata tarehe 7 Aprili, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwao. Amin alikimbilia Libya, na baadaye Saudi Arabia, ambako alifariki mjini Jedda mwaka 2003. Mkataba wa Inoki ukawa karatasi tupu. Inoki hakupungukiwa na kitu. Aliendelea na mieleka, akaingia bunge la Japani mwaka 1989, na kufariki mwaka 2022.

Ali naye hatimaye alifika Afrika Mashariki, lakini si kwa kazi ya urefa. Mwezi wa Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma azishawishi nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow. Alitua Dar es Salaam, na Nyerere akakataa kumwona, akiona ni dharau kutumiwa mwanamichezo katika jambo la serikali. Baada ya yote yaliyopita ya mabondia na vita, sidhani kwamba twaweza kumlaumu. Hapa Nairobi Rais Moi alimpokea, na Kenya haikwenda Moscow.

Imebaki habari ya Ayub Kalule. Wakati Amin alipokuwa bado madarakani, Kalule aliondoka Uganda na kukaa Denmark, akaanza huko ndondi za kulipwa mwaka 1976. Alishinda kila pambano. Mwaka 1979, mwaka ule ule ambao Kampala ilikuwa ishuhudie Mganda akipigana na mwana mieleka wa Kijapani, Kalule alipata nafasi ya kugombea mkanda wa dunia wa uzito wa kati mdogo. Mwenye mkanda alikuwa Mjapani, Masashi Kudo, ambaye hakuwa amepata kushindwa. Na huyo Kudo, katika ujana wake, kabla ya kuvaa glavu, alikuwa mwana mieleka.

Walikutana tarehe 24 Oktoba 1979 katika mji wa Akita, mkoani kwao Kudo. Ulingo ulikuwa wa Wajapani, watazamaji walikuwa wa Kudo, na sheria zilikuwa za ndondi kwa wote wawili. Walipigana raundi zote kumi na tano. Waamuzi walipoleta karatasi zao, wote watatu walikuwa wameandika jina la mgeni. Kalule aliutetea mkanda huo hadi mwezi wa Juni 1981, aliposhindwa na Sugar Ray Leonard huko Houston katika raundi ya tisa. Siku aliposhinda Akita, Uganda ilikuwa na rais wake wa pili tangu Amin alipokimbia, na Amin mwenyewe alikuwa uhamishoni.